Msaada Rika kwa Kijana Mwenye Kisukari

Mitaani Nakawa, jijini Kampala, kisukari huitwa sukaali, jina moja kwa aina zote. Ndiyo maana mwanafunzi wa miaka ishirini anayejidunga insulini huulizwa alikula peremende ngapi utotoni. Aina ya kwanza hailetwi na ulaji. Kinga ya mwili huziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na mgonjwa hana budi kuipata nje ya mwili kila siku.

Maswali hayo huchosha. Mwenzake aliye na hali hiyohiyo hamuulizi, na hapo ndipo inapoanzia huduma ambayo Waingereza huiita peer support. Kwa Kiswahili msaada rika unafaa, kwa mfano wa elimu rika na mwelimishaji rika, istilahi zilizozoeleka katika kampeni za UKIMWI. Ushauri nasaha ni kitu kingine: mshauri ana ujuzi ambao mshauriwa hana, ilhali hapa wote wawili wana sindano mfukoni. Tena rika si umri tu. Waliotiwa jandoni pamoja ni rika kwa sababu walipita njia moja.

Uganda inaujua msaada huu kwa vitendo. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO, watu walioguswa na UKIMWI wakashikana mkono wakati dawa za kuufubaza hazijapatikana nchini. Mwaka 1994, Naguru, ndani ya Nakawa yenyewe, kilianza kituo cha habari na afya kwa vijana, kikiwatumia vijana kuwafikia wenzao.

Leo rika hukutana kwenye simu, katika makundi ya WhatsApp. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyambogo anaweza kuuliza usiku wa manane: insulini itunzwe vipi katika hosteli isiyo na jokofu? Mwenzake atamweleza habari ya chungu cha udongo kinacholoweshwa maji, ambacho hupoza kwa uvukizi. Sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L katikati ya mtihani? Gramu 15 za sukari, kama vijiko vitatu vya chai, kisha apime tena baada ya dakika 15. Daktari naye huyasema haya, lakini kliniki usiku imefungwa.

Neno mtandaoni lina gharama yake. Kuanzia Julai 2018 Waganda walitozwa shilingi 200 kwa siku kutumia WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii. Mwaka 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 ya bei ya bando. Kwa kijana anayenunua pia vijiti vya kupimia sukari, hiyo ni fedha.

Msaada rika una mpaka, nao uandikwe juu kabisa ya kila kundi. Kipimo cha insulini cha mtu mmoja hakimfai mwingine. Na anayetapika, mwenye kiu kali, anayehema kwa nguvu na pumzi yenye harufu ya matunda, asingoje majibu ya wenzake: apelekwe hospitali mara moja.