Kilima cha Wapiga Mishale: Ardhi ya Uhud na Funzo Lake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Kaskazini ya Msikiti wa Mtume, mwendo wa takriban kilomita 5, upo mlima Uhud. Kusini yake kuna kilima kidogo kiitwacho leo Jabal Rumaat, kilima cha wapiga mishale. Jina lake la kale ni Ainain. Katika Sahih Bukhari, Wahshi anaposimulia alivyomuua Hamza (r.a.), mwaka wa vita unaitwa mwaka wa Ainain, na inabainishwa kuwa baina ya kilima hicho na Uhud pana bonde.

Kwa nini vita vikawa hapo, ilhali Maquraishi walitoka Makka, iliyo kusini? Madina ulikuwa mji wa wakulima wa tende. Mashariki na magharibi una harra, ardhi ya mawe meusi ya volkano inayowataabisha farasi, na kusini mitende ilisongamana. Njia iliyo wazi kwa jeshi ilikuwa kaskazini.

Katika Shawwal mwaka 3 Hijria (625 Miladia), Maquraishi walikuja wapatao 3,000. Waislamu walibaki kiasi cha 700, baada ya Abdullah bin Ubayy kurudi na watu 300 hivi. Mtume (s.a.w.) aliupa mgongo Uhud. Ubavu uliobaki wazi aliuziba kwa wapiga mishale 50 juu ya Ainain, chini ya Abdullah bin Jubair (r.a.), akawaamuru wasiondoke, washinde wenzao au washindwe, mpaka awatumie mjumbe.

Maquraishi walipokimbia, wengi wa wale 50 waliona kazi imekwisha, wakateremkia ngawira. Amiri wao aliwakumbusha amri, akabaki na wachache mpaka wakauawa. Khalid bin Walid, wakati huo hajasilimu, akapita na farasi wake kwa nyuma. Waislamu wapatao 70 wakafa mashahidi.

Ndugu msomaji, wanazuoni wa usul wanasema hapana ijtihadi penye nassi. Amri ile ilikuwa na mpaka wake, nao ni mjumbe wa Mtume. Walioteremka waliweka mpaka mwingine kwa rai yao. Hata hivyo, asiwepo wa kuwatukana. Surat Aal Imran, aya ya 152, imetaja kosa lao na ikataja pia kuwa Mwenyezi Mungu amewasamehe.

Mwenye kuzuru Madina na awatolee salamu mashahidi wa Uhud na kuwaombea, kwani Mtume (s.a.w.) aliwazuru. Ama kupanda kilima kwa kutafuta baraka, au kuchukua mawe na udongo wake, hakuna dalili ya hayo. Anayekipenda kilima kile na aichukue amri iliyotolewa juu yake: abaki pale Mtume alipomweka.

Wallahu a'lam.