Kupiga kambi kwa pikipiki Mtwara: Kipi kibebwe, kipi kiachwe

Na Mwandishi Wetu

SAFARI ya pikipiki kutoka Mtwara mjini kwenda Msimbati si ndefu. Ni takriban kilomita 45 hadi kwenye fukwe zilizomo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Hata hivyo, kipande cha mwisho cha njia hiyo kina mchanga mwingi, na hapo ndipo mzigo uliozidi au uliofungwa vibaya humwangusha mwendeshaji aliyefika salama kutoka mbali.

Wanaotoka mbali nao wameongezeka. Tangu Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, na baadaye kipande cha Ndundu hadi Somanga kutiwa lami, mkazi wa Dar es Salaam anaweza kusafiri takriban kilomita 560 hadi Mtwara bila kusubiri kivuko. Anapofika huko na kutaka kulala ufukweni au vijijini, swali la vifaa vya kambi huwa halikwepeki.

Orodha nyingi za vifaa hivyo zimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Zinaanza na mfuko mnene wa kulalia, godoro la kuzuia baridi ya ardhi, hema la tabaka mbili na jiko la kuyeyushia theluji. Anayezifuata kikamilifu atafika Msimbati na kilo nyingi za vitu asivyovihitaji, huku amekosa nafasi ya kile kitakachomwokoa, yaani maji.

Pwani hii imewahi kushuhudia msafara uliolemewa. Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani, na mwanzoni mwa Aprili akaondoka kuufuata Mto Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa Kihindi, baghala na punda wa kubeba mizigo. Katika muda wa miezi michache wengi wa wanyama hao walikuwa wamekufa. Pikipiki haidhuriwi na ndorobo, lakini nayo ina kikomo chake, na kikomo hicho kimeandikwa katika kitabu kinachotolewa na kiwanda. Ikumbukwe kuwa uzito unaotajwa humo humjumuisha mwendeshaji, mavazi yake na abiria kama yupo. Watu wawili wazima juu ya pikipiki ya sentimita za ujazo 125 huwa wamekwisha kula karibu nafasi yote kabla begi la kwanza halijafungwa.

Mbu kwanza, baridi baadaye

Katika miezi ya Julai na Agosti, ambayo ndiyo ya ubaridi zaidi, usiku wa Mtwara hushuka hadi nyuzi joto 19 au 20 hivi. Kwa hali hiyo mfuko wa kulalia hauna kazi. Shuka moja la pamba na kikoi au kitenge cha kujifunika alfajiri vinatosha, tena kitenge hutumika mchana kama kivuli, taulo na kitambaa cha kuzuia vumbi mdomoni. Chini, mkeka mwembamba wa sponji wenye uzito usiofika nusu kilo unafaa kuliko godoro la kujaza upepo, ambalo miiba ya vichaka vya pwani hulitoboa usiku wa kwanza.

Adui halisi ni mbu. Mtwara imo miongoni mwa mikoa yenye kiwango kikubwa cha malaria nchini, na mbu anayeieneza huuma kuanzia machweo hadi mapambazuko, saa zilezile ambazo mpiga kambi amekaa nje akiota upepo. Kwa sababu hiyo chaguo la kwanza ni wavu, kisha kitu cha kuuegemeza, na paa huja mwisho.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni hema jepesi ambalo chumba chake cha ndani ni cha wavu mtupu na kifuniko cha mvua hufungwa peke yake. Hema la namna hiyo la mtu mmoja au wawili huwa na uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili na nusu. Kati ya Juni na Oktoba, mvua ikiwa imekatika, kifuniko kinaweza kubaki kimekunjwa, upepo wa kusi ukapita moja kwa moja hadi kwa aliyelala. Hema la kitambaa kizito lenye dirisha moja dogo, hata likiwa la bei kubwa, ni tanuri katika pwani hii.

Ya pili ni ya gharama ndogo, nayo haistahili kudharauliwa: chandarua cha kawaida chenye dawa, kamba mbili na turubai jepesi la mita tatu kwa tatu. Vyote kwa pamoja havizidi sana kilo moja na nusu. Kasoro yake ni kwamba huhitaji miti miwili au mti na pikipiki, na pindo za chandarua lazima zichomekwe chini ya mkeka kila upande, vinginevyo siafu na kaa watakuwa wageni wa usiku. Kwa maoni ya mwandishi, anayesafiri peke yake katika kiangazi na anayejua kufunga fundo hana sababu ya kununua hema.

Wanaonunua hema la mitumba, kama yale yanayopatikana katika Soko la Karume, Ilala, walifungue lote kabla ya kulipa. Kitambaa kinachonata vidoleni na kutoa harufu mbaya kimekwisha kuharibika utando wake wa kuzuia maji, na hakuna dawa itakayokirudisha. Zipu zivutwe hadi mwisho pande zote mbili, kwa sababu chumvi ya bahari humalizia upesi ile iliyokwisha kulegea. Fito zihesabiwe na kuunganishwa palepale.

Rangi nayo ni jambo la kuzingatia. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo. Hema, begi au koti la mabaka ni mzigo wa hatari, hasa katika mkoa wa mpakani.

Maji ndiyo mzigo

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hakuna teknolojia iliyoweza kuipunguza. Mtu anayeendesha pikipiki katika joto la pwani, akiwa amevaa kofia ngumu na koti, anahitaji kunywa lita nne au tano kwa siku, mbali na za kupikia. Visima vingi vya ukanda wa pwani hutoa maji yenye chumvi, na chujio la kubebwa mfukoni, ambalo husifiwa sana madukani, huondoa vijidudu lakini haliondoi chumvi. Hivyo basi, anayekwenda kulala usiku mmoja ufukweni aondoke Mtwara mjini na lita sita hadi nane. Madafu yakipatikana ni neema, lakini yasiwekwe kwenye hesabu.

Dumu moja la lita kumi nyuma ya keria ni kosa la kawaida. Maji yaliyofungwa juu na nyuma ya gurudumu hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi, na katika mchanga usukani huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Afadhali madumu mawili madogo, moja kila upande, yafungwe chini kadiri inavyowezekana na mbele ya ekseli ya nyuma. Vitu vizito vingine, kama spana na chakula, vifuate kanuni hiyohiyo. Juu ya keria vibaki mkeka, shuka na wavu, ambavyo hata vikiyumba havina nguvu ya kumwangusha mtu. Upande wa ekzosi uachiwe nafasi, kwani begi la nailoni huyeyuka kimyakimya na mwenye nalo hugundua kwa harufu.

Kwa kufungia, mipira ya tyubu kuukuu wanayotumia waendesha bodaboda haina mpinzani. Haina uzito wa kutajwa, haifunguki kwa mtikisiko, na ikikatika fundi wa tairi yeyote ana nyingine. Ndani ya mabegi, mzigo uhifadhiwe katika mifuko ya turubai inayokunjwa mdomo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyokuwa kinga ya mvua ya msafiri wa zamani, ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Petroli ya akiba ni mzigo ambao wengi hubeba bila kupiga hesabu. Pikipiki ndogo hutumia lita moja kwa kilomita 40 au zaidi barabarani; hata mchanga ukiongeza matumizi, kwenda na kurudi Msimbati hakuhitaji dumu la ziada iwapo tangi limejazwa mjini. Nafasi ya lita tano za petroli ni bora ipewe maji. Vipuri vilevile: anayeendesha aina zinazotumiwa na bodaboda atapata fundi karibu kila kijiji kikubwa, kwa hiyo tyubu moja, viraka, pampu, plagi na waya wa klachi vinatosha. Pampu isisahaulike, kwa sababu njia nafuu ya kupita mchangani ni kupunguza upepo wa tairi, na uliopunguzwa lazima urudishwe ukifika barabara ngumu.

Kuhusu jiko, mtungi wa gesi wa kilo tatu ukijumlisha na chuma chake huzidi kilo sita, nao hauna nafasi kwenye pikipiki. Jiko dogo la spiriti na sufuria moja yenye mfuniko havifiki kilo moja. Tena inawezekana kabisa kwenda bila jiko, ukala kwa mama lishe mchana na kubeba korosho kwa ajili ya usiku. Gramu mia moja za korosho zina takriban kilokalori 550, na mkoa huu ndio nyumbani kwao. Kukata mikoko kwa ajili ya kuni hakukubaliki, na moto chini ya mikorosho ya watu ni ugomvi usio na sababu.

Mahali pa kulala

Vigingi vya chuma vinavyouzwa na hema havishiki katika mchanga wa Msimbati. Vijifuko sita vya kitambaa, vikijazwa mchanga na kufukiwa, hushika imara na vikiwa vitupu havina uzito. Mivinje ya ufukweni hufaa kufungia kamba. Mnazi una kivuli kizuri, lakini nazi inayoanguka haichagui.

Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya pwani hii hupanda na kushuka kwa mita tatu au zaidi. Mstari wa majani makavu ya baharini huonyesha maji yalipofika, na hema liwe juu yake. Kati ya Desemba na Aprili, mvua za mkoa hunyesha karibu zote, na hapo kifuniko cha hema si cha hiari. Barabara nayo iulizwe kabla ya kuondoka: Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mawasiliano kati ya Dar es Salaam na Lindi yalikatika katika eneo la Somanga.

Ukingo wa Ruvuma wenyewe si mahali pa kambi. Kuna mamba na viboko, na kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni kwa njia zake za siku zote. Aidha, mapigano yaliyoanza Oktoba 2017 katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, yalivuka mto Oktoba 2020 pale kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa. Mgeni aripoti kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji akiwa na kitambulisho, aulize hali ya usalama, na akiwa ndani ya hifadhi apate kibali cha ofisi husika. Mara nyingi ataonyeshwa uwanja karibu na nyumba za watu, penye usalama kuliko pwani tupu, naye ataepuka kubeba kufuli, minyororo na silaha za kujilinda ambazo wengine huziorodhesha kuwa ni vya lazima.

Baada ya safari, hema, zipu, madumu na mnyororo wa pikipiki vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Hema likaushwe kivulini, kwa kuwa jua la Mtwara huila nailoni, na lisikunjwe kabla halijakauka hadi kwenye mishono.