Chumba cha uani: ziba njia ya mbu, acha njia ya hewa

Baada ya mavuno ya mpunga, kaya nyingi za Mngeta na vijiji jirani huongeza chumba kidogo uani. Huwa cha kijana aliyekua, cha mgeni, au cha kibarua wa msimu. Matofali yanachomwa, bati linapandishwa, mlango unawekwa, kisha fedha inaisha na mtu anahamia hivyohivyo. Kinachobaki wazi ni nafasi kati ya ukuta na bati, na hapo ndipo mbu wengi wa malaria wanapoingilia.

Kwa nini juu ya ukuta?

Mbu aina ya Anofelesi hufuata pumzi na harufu ya mtu aliyelala. Akifika ukutani hupanda nao hadi apate upenyo. Njia hii wanaijua vizuri watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza kama maabara ndogo. Wamewahi hata kujaribu utepe wa gunia uliotiwa dawa ya kufukuza mbu, unaofungwa chini ya paa. Huko Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa nyumba zilizozibwa kwa wavu ziliingiza mbu pungufu kwa karibu nusu, na watoto wenye upungufu wa damu walipungua pia.

Usijaze tofali tupu

Ukiziba juu kote kwa tofali na udongo, chumba chenye bati kinageuka tanuri. Anayelala humo atafungua mlango usiku au atatoa mkeka nje, na kazi yote imepotea. Tumia wavu wa madirisha: hewa inapita, mbu hapiti.

Hatua za kumalizia

1. Ukuta. Acha ukauke kwanza. Kama umejengwa kwa udongo, kwangua viungo vya matofali kama sentimita 1 ili plasta ishike. Lowesha ukuta, changanya ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 5 za mchanga safi, kisha upigie maji kwa siku 7 usije ukapasuka.

2. Juu ya ukuta. Gongea wavu kwenye ukuta na kwenye mbao za paa, ukiukunja vizuri pembeni. Usisahau vitundu vilivyo chini ya mawimbi ya bati.

3. Dirisha na mlango. Wavu ufunike fremu nzima ya dirisha. Chini ya mlango gongea kipande cha tyubu kuukuu kinachogusa sakafu.

4. Jaribu. Ingia mchana, funga kila kitu, utazame. Palipoingia mwanga bila wavu, mbu naye ataingia.

Fedha ikiwa kidogo

Anza na juu ya ukuta, kisha dirisha, kisha mlango. Plasta na rangi vinaweza kusubiri mavuno yajayo. Chandarua kilichochakaa kiasi cha kutofaa kulalia kinaweza kuoshwa, kukunjwa mara mbili na kuzibia juu kwa muda. Lakini usikate kizima: kazi yake ni kitandani.

Mambo mawili ya kukumbuka

Kwanza, chumba kilichozibwa hakiondoi chandarua. Mbu wachache huingia kila mlango unapofunguliwa jioni, na kijana anayelala uani anahitaji chandarua kama mtoto anayelala nyumba kubwa.

Pili, usiingize jiko la mkaa ndani, hata usiku wa baridi au wa mvua. Moshi wake wenye sumu hauonekani wala haunuki, na katika chumba kidogo unaua watu wakiwa usingizini. Wavu wa juu hautoshi kuutoa.

Kabla fundi hajaondoka, mwombe amalizie sehemu ya juu mkiwa wote wawili. Ni kazi ya siku moja, na aliyelala humo ataiona faida yake masika yakianza.