Paa la nyumba ya zamani: kulinganisha makadirio ya mafundi Arua na Koboko

Mfanyabiashara anayebadilisha paa la nyumba ya zamani Arua au Koboko, nyumba ambayo mara nyingi ndiyo duka na ghala lake, hupokea makadirio mawili au matatu yanayopishana kwa mbali. Si lazima fundi mmoja awe mwizi. Aghalabu kila mmoja amehesabu kazi yake.

Kwanza ni eneo. Nyumba ya mita 10 kwa 8 ina sakafu ya mita za mraba 80. Paa likitokeza sentimita 60 kila upande na kuinama nyuzi 20, eneo la kuezekwa hufika karibu mita za mraba 110, bila kuhesabu mabati yanavyolaliana. Aliyepima sakafu tu atakuwa na bei ya chini, kisha atarudi kudai mabati zaidi nyumba ikiwa wazi.

Pili ni unene. Namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba: la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 32 ni jembamba zaidi. Makadirio yanayosema "bati la rangi" bila geji hayalinganishiki na mengine. Afadhali unene uandikwe kwa milimita, na mabati yawe na alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda.

Mbao ndizo huleta ugomvi. Mchwa wakishaingia kwenye kenchi, hawaonekani mpaka mabati yatolewe. Fundi makini huandika bei ya kila ubao utakaobadilishwa, ili nyongeza ihesabiwe mbele ya mwenye nyumba. Anayeandika "mbao, jumla" amejiachia mlango wazi.

Halafu usafiri. Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 480, na Koboko ni zaidi ya 50 mbele yake kwenye barabara ya Oraba. Bei ya mabati iulizwe kama ni ya Kampala au ya kushushwa mlangoni. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, malori yalizunguka njia ndefu. Kwa hiyo makadirio yaonyeshe bei inasimama hadi tarehe gani. Mwenye lori lake mwenyewe anaweza kuomba bei ya ufundi peke yake na kubeba vifaa.

Iulizwe pia kama VAT ya asilimia 18 imo ndani, na nani anachukua mabati ya zamani. Hayo yana wanunuzi, na fundi anayeyachukua bure amelipwa mara mbili.

Kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho kipindi cha kuezua. Kati ya Agosti na Oktoba mvua ni nyingi, na mkataba wa miezi hiyo useme nani anagharimia maturubai, na nani analipa saruji au sukari ikilowana ghalani.