Mgongo wa Pagazi

Mwaka jana mgongo ulinishika bombani. Nilikuwa nimeinama kunyanyua dumu la lita 20, huku nimegeuka nusu kumjibu jirani aliyenisalimia, na papo hapo kitu kikanikata kiunoni kama panga. Nilirudishwa nyumbani nimeshikwa huku na huku. Mama mkubwa akanitandikia mkeka, akasema, “Lala, mwanangu, usiinuke mpaka upone.” Nikalala siku 13. Nilipoamka nilikuwa nimekakamaa kuliko siku ya kwanza, na maji ya nyumba nzima alikuwa ameyabeba yeye, mtu aliyepita miaka 60.

Nilifundisha historia kule Fizi kabla hatujavuka ziwa. Ukilala siku 13 unafikiri mengi, na mimi niliwafikiria wapagazi.

Siye wa Nyarugusu tunaishi si mbali na njia yao. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi: vitambaa na shanga wakija bara, pembe wakirudi pwani. Dumu letu likijaa ni kilo 20 na kidogo. Basi pagazi alibeba dumu moja na nusu, kwa miezi. Wanyamwezi walibeba begani, watu wa pwani kichwani. Kwetu Kivu mama zetu hubeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso.

Sasa sikilizeni hili. Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliandika jinsi mitumba ya vitambaa ilivyofungwa pamoja na vijiti, na vijiti hivyo vikaachwa vitokeze upande mmoja. Kwa nini? Pagazi akipumzika aliuegemeza mzigo wima kwenye mti, mchwa wasile kitambaa, na akiondoka aliuchukua begani bila kuinama mpaka chini. Darasani niliipita habari hii kwa sentensi moja. Mkekani niliona kwamba wale watu walijua kitu ambacho mimi mwalimu sikukijua.

Wataalamu walikuja kukipima baadaye sana. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani vya gegedu. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walieleza kwamba kisahani kikipasuka kinaweza kubana mshipa wa fahamu, ndiyo maumivu yanashuka mguuni. Miaka ya 1960 Nachemson wa Sweden aliingiza sindano ya kupimia ndani ya visahani vya watu hai, akaona shinikizo linapanda ukiinama mbele, na linapanda zaidi ukiinama huku umebeba. Tena mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulilinganisha wagonjwa walioambiwa walale siku 2 na walioambiwa siku 7. Wale wa siku 2 walirudi kazini mapema, na hawakuumia zaidi. Mama mkubwa nilipomweleza alicheka: “Kumbe nilikubebea maji bure!”

Lakini mkao si kila kitu. Pagazi wa biashara alipatana uzito, na mzigo ukizidi aligoma au alitoroka. Wale wa vita ya 1914 hadi 1918 hawakupatana na mtu. Waingereza waliwakusanya wakawaita Carrier Corps, ndiko lilikotoka jina la Kariakoo, na jeshi la Wabelgiji lililoingia Tabora Septemba 1916 lilitembea juu ya migongo ya watu wa Kongo. Naomba ndugu zetu wa mashirika wanisamehe, ila gunia la kilo 50 nalo halikushonwa na mtu atakayelibeba.

Maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe kwa wiki chache ukiendelea kutembeatembea. Yapo yasiyongoja: mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, ganzi sehemu za siri, miguu kulegea, hapo nenda kliniki leo leo. Na maumivu ya muda mrefu yenye homa, jasho la usiku na kukonda yachunguzwe, maana kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo.

Nyumbani tumechimbia miti minne na kuweka mbao juu, kimo cha kiuno. Dumu linatua pale, halitui chini. Unga tunagawa mara mbili pale pale kwenye mgao kabla ya kubeba. Tukinyanyua kitu chini tunakunja magoti, mzigo tunaubana kifuani, na tukitaka kugeuka tunageuka kwa miguu. Ufagio nimeufunga mpini mrefu, ingawa mama mkubwa anasema haufagii vizuri na ule mfupi ameuficha mahali.

Jirani yule wa salamu alikuja juzi kupima miti yetu kwa kamba. Anataka kuchimbia ya kwake pembeni ya bomba, ila mlinzi wa pale bado hajakubali.