Zege Jeupe na Moshi wa Magari

Dioksidi ya titani ni unga mweupe unaotiwa katika rangi za nyumba, karatasi na dawa ya meno. Madini yake yalichimbwa hata kwenye mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, yakapakiwa melini Likoni. Kwa muda mrefu sifa yake kubwa ilikuwa weupe.

Mwaka 1967 Akira Fujishima, mwanafunzi wa Kenichi Honda katika Chuo Kikuu cha Tokyo, alitumbukiza fuwele ya dioksidi hiyo majini na kuimulika. Viputo vikapanda: mwanga ulikuwa ukiyatenganisha maji kuwa oksijeni na haidrojeni. Ugunduzi huo ulichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1972, na bei ya mafuta ilipopaa mwaka uliofuata, wengi walitumaini kupata nishati humo. Haidrojeni iliyopatikana ilikuwa haba mno. Miaka ya 1990, Fujishima na Kazuhito Hashimoto waligeukia kuondoa uchafu, na Wajapani wakaanza kupaka utando wa dioksidi ya titani kwenye vigae na kwenye vioo vya taa za mahandaki ya barabara, ambavyo hapo awali vilifunikwa na masizi.

Miali ya urujuanimno inapoupiga utando, elektroni hung'oka mahali pake, na unyevu wa hewani hugeuka chembe kali zinazounguza uchafu. Oksidi za naitrojeni zitokazo kwenye moshi wa magari huwa nitrati, nazo huoshwa na mvua.

Jengo lililoupa ufundi huu umaarufu ni kanisa la Tor Tre Teste, pembezoni mwa Roma, lililochorwa na Richard Meier na kufunguliwa 2003. Kuta zake tatu zimepinda kama matanga yaliyojaa upepo. Sementi yake, iliyotiwa dioksidi ya titani, ilitengenezwa na kampuni ya Italcementi ili zege lisipoteze weupe. Habari ya kusafisha hewa ilifuata baadaye, majaribio yalipoonyesha kwamba uso huo hupunguza pia gesi za moshi.

Maabara ni chumba kidogo; barabara ni jambo jingine. Katika handaki la Leopold II, Brussels, kuta zilipakwa utando wa aina hii, na taa maalumu za urujuanimno zikawashwa. Vipimo vya 2011 na 2013 havikuonyesha upungufu wa maana wa gesi za moshi: kama ulikuwepo, haukuzidi asilimia 2. Mwanga ulikuwa hafifu, unyevu mwingi, utando ukachakazwa na uchafu uleule, na upepo ulipitisha moshi kabla haujagusa ukuta.