Njia za Karagwe: Mapatano ya Mfalme na Wafanyabiashara

Ubia kati ya serikali na watu binafsi ni neno linalosikika sana siku hizi. Tanzania iliutungia sheria mwaka 2010, na wako wanaodhani kuwa fikra yenyewe ilizaliwa siku hiyo. Historia yatuonyesha vingine. Katika ufalme wa Karagwe, ambao sehemu kubwa ya ardhi yake leo imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, jambo hili lilitangulia jina lake kwa karne moja na nusu.

Katikati ya karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo ikapanda mpaka Kaze, mahali palipo Tabora ya leo. Pale iligawanyika. Tawi moja lilikwenda Ujiji. Jingine lilielekea kaskazini, likapita Usui, likaingia Karagwe, kisha likavuka mto Kagera kwenda Buganda. Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa Kaze, alifika Buganda mwaka 1852. Ndani ya Karagwe njia hiyo kuu ilikutana na vijia vya wenyeji, ambavyo kwavyo chumvi, majembe na buni vilikuwa vikipita tangu zamani. Bweranyange palikuwa makao ya mfalme. Kafuro, karibu yake, palikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pwani. Mahali hapo pawili palikuwa kama mafundo mawili ya wavu mmoja.

Ni nini kilichouweka wavu huo pamoja? Kwanza ni amri ya mfalme. John Hanning Speke na James Augustus Grant walipofika Karagwe mwaka 1861 walikuwa wamechoshwa na hongo za Uzinza na Usui, ambako kila mkubwa alidai nguo na shanga kabla ya kuuruhusu msafara upite. Walipoingia Karagwe walilakiwa na mjumbe wa Mfalme Rumanyika. Mjumbe aliwaambia kuwa wageni hawatozwi kodi katika nchi ile, na kwamba wakubwa wa vijiji wameamriwa kuwapa chakula. Rumanyika alikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Msafiri mwenye mali huifuata njia ambayo gharama zake zajulikana na usalama wake una mdhamini. Alichokiacha mfalme mpakani kilimrudia nyumbani kwake kwa zawadi, kwa biashara na kwa urafiki wa mbali.

Pili ni mali ya wafanyabiashara. Rumanyika alipogombea kiti na nduguye Rogero, Musa Mzuri, Mhindi aliyekuwa tajiri mkubwa wa Kaze, alimpa Suna, Kabaka wa Buganda, zawadi kubwa ya pembe za ndovu ili amsaidie Rumanyika kwa jeshi. Ndivyo walivyosimuliwa wasafiri Waingereza waliopita Kaze muda mfupi baadaye. Mali ya mtu mmoja ikanunua amani ya dola, na dola ikalilipa deni hilo kwa kuifungua njia. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 alimkuta Ahmed bin Ibrahim akiishi Kafuro kama mwenyeji, ana nyumba, ng'ombe na watumwa.

Neno hilo la mwisho halifai kupitwa upesi. Mapatano yale yalikuwa na pande mbili zilizosema, na upande wa tatu ambao haukuulizwa. Chakula alichokitoa mfalme kilitoka katika migomba ya Wanyambo. Pembe zilichukuliwa mabegani mwa watu, na katika misafara walikuwamo waliofungwa, wakipelekwa kuuzwa. Njia iliyokuwa salama kwa mwenye bidhaa haikuwa salama kwa aliyefanywa bidhaa.

Tena ubia ule ulitegemea uhai wa mtu mmoja. Rumanyika alifariki mwishoni mwa miaka ya 1870, na jamaa za kifalme wakauana kwa ajili ya kiti. Wakati huo huo vyombo vya ziwani vilikwisha kuonyesha njia fupi: wamisionari waliokwenda Buganda kuanzia mwaka 1877 walivuka ziwa Viktoria, wakaiacha Karagwe upande wa magharibi. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, biashara ya Buganda ilipata mlango mwingine kabisa. Mfanyabiashara hakuwa ameapa kuipenda Karagwe. Alifuata faida, na faida ilipohama naye alihama. Waliobaki ni wale wale ambao hawakuulizwa.

Wilaya ya Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012, na mwaka 2019 nchi hiyo ilipata hifadhi mbili za taifa: Ibanda-Kyerwa, na Rumanyika-Karagwe iliyopewa jina la mfalme yule. Hifadhi huhitaji njia za watalii, na njia huhitaji fedha. Kwa hiyo serikali na wenye mitaji watakutana tena katika vilima vile vile. Hapana ubaya katika kukutana huko. Lakini mapatano yaliyo mema yafaa yaandike mambo mawili ambayo yale ya kale hayakuyaandika: nani ataitunza njia siku mwenye mtaji atakapoondoka, na mwanakijiji ambaye njia yapita shambani mwake atapata nini.